Jina la Mbuyi Ndani ya Mashini

Mama Noémie njo aliyenielezea habari hii, mwaka ule treni ya Luena ilipoanza tena kupita, siku moja tulipokuwa tunachambua sombe, majani ya mihogo, kwa ajili ya mkutano wa wamama wa kanisa. Chloé, mke wa Mbuyi, alikuwa amekaa kando yake, na kila mara Noémie aliposahau kitu, Chloé aliongeza lake. Kwa hiyo nilisikia kwa midomo miwili, na yote miwili ilipatana.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, vita ya pili. Kamina ilijaa askari mpaka bei ya unga haikuwa na aibu tena. Karibu na gare ya treni kulikuwa depo moja ya dawa, nyumba ndefu ya matofali, na ndani yake frigo kubwa ya chanjo iliyokunywa mazutu, yaani dizeli, kuliko gari. Shefu wa depo alikuwa Amédée, aliyetumwa toka Kinshasa na suti mbili na ordinatere moja, yaani kompyuta, ambayo wote waliiita mashini tu. Noémie alikuwa sekretere, mama wa miaka arobaini na kitu, mtoto wa mwalimu, na yeye njo aliyeshika hiyo mashini. Mbuyi alikuwa mtunza ghala. Zébédée, mzee mwenye koti la jeshi la zamani, alikuwa mlinzi wa mlango mkubwa.

Sasa, kazi ya mashini haikuwa kuhesabu dawa peke yake. Ndani yake kulikuwa kama mlinzi mwingine asiyelala. Anayeiwasha, anaandikwa. Anayefungua ghala, kwanza anatia neno lake la siri, ndipo anageuza funguo; naye anaandikwa. Kinachotoka kinaandikwa, na saa yake kando. Mstari chini ya mstari, na kufuta hakuwezekani, ila kuiua mashini yote na kuanza upya. Noémie aliipenda kwa hilo. Alizoea kusema, "Mashini haina ndugu." Katika mji ambamo kila mtu ni shemeji wa mtu, neno hilo lilimpumzisha roho.

Ilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Betri yake ndogo, ile ya kushika saa, ilikwisha kufa, na nyingine haikupatikana Kamina wala Lubumbashi. Grupe ya umeme, ile jenereta ya depo, ikizimwa, mashini inasahau saa. Ukiiwasha tena, kitu cha kwanza inakuuliza ni leo siku gani, sasa saa ngapi. Unaiandikia, inakuamini, inaendelea na kazi. Kila asubuhi Noémie alitazama saa ya mkono wake, ambayo aliilinganisha na saa ya gare, na kuiambia.

Walizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Alhamisi moja ya masika tulimzika Papa Kalenga, aliyekuwa mwendesha treni tangu wakati wa Wabelgiji. Depo ilifunga mapema watu waende kilio. Ijumaa asubuhi akaja muuguzi wa hospitali kuchukua kinini, maana malaria ilikuwa inachukua watoto na askari bila kuchagua. Mbuyi akaingia ghalani. Akakaa. Akatoka mikono mitupu, uso umebadilika rangi.

"Yaya Noémie," akasema, maana wote walimwita hivyo, dada mkubwa, "kartoni za kinini haziko."

"Ziko wapi?"

"Njo nakuuliza."

Amédée akatoka ofisini kwake. Hakupandisha sauti. Alimwambia Noémie tu, "Piga karatasi. Tuone nani alifungua."

Noémie akapiga. Mashini ikanguruma, karatasi ikatoka na mstari mmoja: Alhamisi, saa tisa na dakika kumi, MBUYI, kafungua ghala, kinini, kartoni zote.

Mbuyi akaisoma juu ya bega lake.

"Si minyi," Mbuyi akasema.

Amédée akamgeukia mlinzi. "Zébédée. Jana saa tisa na dakika kumi, huyu alikuwa wapi?"

"Ndani, shefu. Nilimuona kwa dirisha, amekaa mbele ya mashini. Lakini shefu, minyi..."

"Lakini nini?"

Zébédée akatazama viatu vya shefu. "Hapana, shefu. Alikuwa ndani."

Na Noémie mwenyewe alikumbuka. Saa ile yeye alikuwa nyuma, anapima baridi ya frigo, na Mbuyi alibaki peke yake mbele ya mashini. Akaona jambo limekwisha. Baba yake Mbuyi alikuwa mtu wa Kasai, na pale nje, kwa wauza mihogo, maneno ya zamani, ya miaka ile Wakasai walipofukuzwa Katanga, yakaamka haraka kama mbwa. Mchana askari wa base, kambi kubwa ya jeshi nje ya mji, wakaja wakamchukua. Komanda wao, Mputu, mtu wa Bandundu, mrefu, mwenye kusema kidogo, akatoa neno moja: kinini kilikuwa cha wagonjwa na cha askari, na anayeiba dawa ya askari wakati wa vita atajibu mbele ya majaji wa kijeshi. Ndege ya kumpeleka itaondoka Jumatatu mchana. Waliopanda ndege ile kabla yake, hakuna mama aliyekwisha kupika kwa ajili ya kurudi kwao.

Amédée akaongeza, "Na katika ndege hiyo kunakuja fundi wa mashini. Nitamwambia aisafishe yote, ibaki tupu. Depo ianze upya, pasipo aibu hii."

Jumamosi Chloé akafika kwa Noémie na mtoto mgongoni. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu vyake vyenye matope, akavipanga.

"Yaya, Mbuyi hakuiba."

"Chloé, minyi pia ningependa. Lakini mashini haina ndugu."

"Njo maana sikuenda kwa mashini. Nilikuja kwako. Weye uko na ndugu."

Noémie akaenda jikoni. Akamletea chai, na Chloé akainywa, akarudisha kikombe, akasema, "Alinizikia baba yangu, yule. Na Alhamisi alishika koleo kwa Papa Kalenga mpaka jua linazama, baada ya kazi. Mutu anaiba kartoni zote, kisha anakwenda kuchimba kaburi? Anazibeba wapi, mfukoni?" Kisha akavaa viatu vyake, akaenda.

Usiku ule Noémie alijigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango. Yeye njo aliyepiga karatasi. Mkono wake njo uliomtia Mbuyi ndani ya gari la askari. Kama ni kweli, basi ni kweli. Lakini kama si kweli, amebaki na kesho tu.

Jumapili, kulipopambazuka, akachukua beseni, akaenda bombani. Maji wakati ule yalitoka asubuhi kidogo, kisha basi. Wamama walipanga beseni zao toka kwenye bomba mpaka barabarani, kila beseni nyuma ya mwenzake, na wenyewe wakakaa pembeni kupiga soga. Mpango wa beseni hauguswi. Hata mke wa mchungaji beseni lake linangoja.

Asubuhi ile kulikuwa kelele. Bijou, mke wa sajini, mama wa base aliyehamia mjini kuuza mikate, alitaka kupita mbele ya mama mmoja mzee anayeitwa Umba.

"Minyi nilifika saa kumi na moja kamili," Bijou akasema, na akanyoosha mkono wenye saa kubwa ya bwana wake. "Niliitazama hapa. Weye umesema ulifika saa kumi na moja na nusu, umejisemea mwenyewe. Basi minyi njo wa kwanza."

Mama Umba hakuinuka hata pale alipokaa. "Mwanangu, saa yako inasoma Kinshasa. Beseni yako imekaa Kamina. Na iko nyuma ya yangu."

Wamama wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Kila mtu alijua kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na kwamba wale wa base, kwa sababu amri zao zinatoka kwa redio, ile fonie ya Kinshasa, hawageuzi saa zao. Bijou naye akacheka mwisho. "Haya, mama, chota. Lakini bwana wangu akikosa chai, nitamtuma kwako."

Noémie hakucheka. Alikuwa amesimama anatazama beseni mbili, la bluu la Mama Umba na jekundu la Bijou. Ukisikiliza saa, jekundu ni la kwanza. Ukitazama mpango, ni la pili. Na mpango haukuambiwa na mtu yeyote; ulijipanga wenyewe, kila mmoja alipofika.

Akaacha beseni lake hapo hapo, akakaza kitambaa cha kiuno, akaenda depo.

Kila Jumapili asubuhi grupe iliwashwa kidogo kwa ajili ya frigo, na hiyo ilikuwa kazi yake. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu. Akawasha, akaiambia mashini saa, na safari hii hakuomba mstari mmoja. Aliomba Alhamisi yote, toka asubuhi. Karatasi ikatoka ndefu mpaka ikagusa sakafu. Akapiga magoti, akaisoma kwa kidole.

Asubuhi: kuwashwa. Kisha kazi za mchana. Kisha, saa tisa na nusu: kuzimwa. Huyo alikuwa yeye mwenyewe, alikumbuka, alifunga na kwenda kuvaa nguo za kilio. Na chini ya mstari huo, si juu yake, chini: saa tisa na dakika kumi, kuwashwa. Chini yake tena: saa tisa na dakika kumi, MBUYI.

Kidole chake kikasimama hapo.

Mlango uliofungwa saa tisa na nusu, mtu ataufunguaje baada ya hapo, saa tisa na dakika kumi? Ijumaa alipoulizwa, alitoa mstari wa jina tu, na mstari peke yake una sura ya ukweli. Hakutazama beseni lililo mbele yake.

Basi mtu aliiwasha mashini baada ya wote kwenda kilio. Mashini ikamuuliza saa ngapi. Naye akatazama mkono wake, akajibu bila kufikiri, kama mtu anavyojibu salamu. Na saa ya mkono wake ilikuwa nyuma ya saa ya gare.

Ndani ya depo kulikuwa mtu mmoja tu mwenye saa ya namna hiyo. Mwaka wa pili akiwa Kamina, Amédée alikuwa bado anasema, "Minyi niko mutu wa Kinshasa, saa yangu haitaolewa hapa." Aliita mikutano saa mbili, akafika saa tatu, na Zébédée akamfungulia akimpokea kwa Kiluba, "Wafwako, shefu. Jua lenu limefika?" Wote walicheka, na Amédée pia.

Noémie akakunja karatasi, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, akatoka kumfuata Zébédée mlangoni.

"Tata Zébédée. Ijumaa ulisema 'lakini'. Lakini nini?"

Mzee akachimba udongo kwa fimbo yake. "Mama, minyi niko na wajukuu."

"Mbuyi pia iko na batoto."

Mzee akasawazisha udongo kwa mguu. Mwisho akasema, "Shefu alinituma kilio kabla ya kufunga. Alisema, nenda ukasaidie koleo, funguo ya mlango nipatie minyi. Nilimpatia. Njo tu."

"Na kwa kilio alifika wakati gani?"

"Udongo ulikwisha kurudi kaburini. Tulimcheka. Tulisema, saa ya Kinshasa." Kisha akamtazama Noémie, na Noémie akaona mzee amefahamu, palepale, kitu alichokuwa amekibeba siku tatu bila kukijua. "Vidye wangu, Mungu wangu," akasema polepole.

"Nipatie kinga yako," Noémie akasema, na mzee akamletea baiskeli yake kuukuu.

Base iko mbali na mji, na barabara ilikuwa matope ya masika. Mara nyingine Noémie alipanda kinga, mara nyingine kinga ndiyo iliyompanda yeye. Njiani alifikiri mambo mawili. Kwanza, kwamba Amédée akijua, Noémie hatakuwa na kazi, na labda hatakuwa na jirani wa kumsalimia. Pili, kwamba komanda mwenyewe ni mtu wa saa ya Kinshasa, na maneno matupu ya mama wa mjini hayatamtosha. Itabidi aone. Alipofika kwenye kizuizi cha base, alikuwa amekwisha kupanga atakavyomwonyesha.

Komanda Mputu alikuwa anakula maharagi. Akamtazama matope yake mpaka magotini.

"Weye njo mama uliyepiga ile karatasi."

"Njo minyi."

"Sasa umekuja kuikana."

"Siikani, komanda. Nimekuja kukuomba uisome yote. Ijumaa nilikupatia mustari mumoja. Mustari mumoja ni kama kumuuliza mutu jina na kuondoka kabla hajasema kwao."

Komanda akatafuna. "Kuko nini ndani?"

"Nikikuambia hapa, utasema mama anatetea rafiki yake. Kesho asubuhi, kabla ya ndege kuondoka, pita depo. Umwambie shefu unataka kuiona mashini na macho yako. Yeye mwenyewe akuwashie. Usimwambie nilikuja. Ukiona hakuna kitu, unichukue na minyi kwenye ndege."

"Unajua unachosema, mama?"

"Ninakijua. Nimekifikiri njia yote, na njia ilikuwa ndefu."

Askari wawili nyuma wakatabasamu. Komanda hakutabasamu, lakini akamsogezea sahani ya maharagi, na kwa mtu wa namna ile hilo lilikuwa jibu.

Jumatatu Noémie akawasha mashini kama kawaida, akaiambia saa ya gare, akafanya kazi yake. Gari la komanda lilipoingia uani, akainuka, akaizima, akamwambia Zébédée azime na grupe. Mashini ilimwandika: saa nne kamili, kuzimwa. Mbuyi alikuwa garini kati ya askari wawili, ndevu zimeota, amekodoa macho. Alimwona Noémie, akageuza uso. Noémie akaumeza uchungu ule, akasimama kando ya mashini.

Amédée akamkaribisha komanda kwa mikono miwili. "Mukubwa, karibu. Unataka kuona mustari wa mwizi? Noémie, washa."

"Shefu, mikono yangu iko na mazutu," Noémie akasema, na ilikuwa kweli, maana aliipaka. "Nitachafua vidude vyake. Weye njo uliyetuletea hii mashini. Mwonyeshe mukubwa weye mwenyewe."

Amédée akapenda hivyo. Zébédée akawasha grupe, Amédée akavuta kiti, akabonyeza. Mashini ikaamka, ikauliza siku, ikauliza saa. Amédée akainua mkono wake wa kushoto, akavuta shati nyuma, akatazama, akaandika. Hakuna kilichomshtua. Komanda pia, aliyesimama nyuma yake, hakushtuka, maana saa ya mkono wake yeye ilisema vilevile.

"Tazama sasa, mukubwa," Amédée akasema, na akafungua Alhamisi, na jina la Mbuyi likatoka.

"Nimeona," komanda akasema.

"Komanda," Noémie akasema, "umwombe atoe na mistari ya leo."

Amédée akageuka. "Ya leo ya nini?"

"Toa," komanda akasema.

Karatasi ikatoka. Noémie akaishika kwa ncha za vidole, akaiweka mezani, na kando yake akaweka ile ya Alhamisi aliyoitoa kwenye kitabu cha nyimbo.

"Ya leo hii, komanda. Soma toka juu."

Komanda akasoma polepole kama mtu anayesoma barua ya mkwe. "Saa nne kamili, kuzimwa. Saa tatu na dakika tano, kuwashwa." Akarudia mstari. "Ilizimwa saa nne, ikawashwa saa tatu?"

"Weye ulikuwa uani. Uliisikia grupe inazimwa kwanza, au inawashwa kwanza?"

"Inazimwa kwanza."

"Basi mpango ni wa kweli. Saa njo inadanganya, kwa sababu saa mashini haiijui. Inaambiwa. Asubuhi niliiambia minyi, na saa yangu ni ya hapa. Sasa hivi ameiambia shefu, na saa yake ni ya Kinshasa, kama yako. Soma sasa ya Alhamisi."

Komanda akasoma. Saa tisa na nusu, kuzimwa. Saa tisa na dakika kumi, kuwashwa. Akatazama saa ya mkono wake. Akatazama nje dirishani, ile ya gare. Akatazama mkono wa Amédée, na Amédée akaushusha chini ya meza.

"Ile betri imekufa," Amédée akasema. "Hii mashini imechoka, mukubwa, inaandika ovyo. Njo maana nataka isafishwe."

"Njo, shefu, betri imekufa," Noémie akasema. "Njo maana inauliza. Na Alhamisi ilimuuliza mutu. Wakati ule kwetu ilikuwa saa kumi na dakika kumi, na Mbuyi alikuwa kaburini na koleo, kanisa yote ilimwona."

"Lakini jina ni lake," komanda akasema. "Kuko neno la siri. Nani alilijua?"

"Komanda, mapacha wakizaliwa kwetu, mukubwa anaitwa Mbuyi. Mudogo anaitwa nani?"

Komanda, mtu wa Bandundu, hakujua. Lakini askari wake mmoja mlangoni, Muluba, akajibu bila kuulizwa, "Kabanga."

"Njo neno la siri la Mbuyi," Noémie akasema. "Depo yote tulilijua."

Yule askari akacheka puani, akajizuia. Hata Mbuyi kule garini alisikia, akainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mkononi. Komanda akamwita Zébédée, na Zébédée safari hii alisema "lakini" yake yote: funguo, kilio, na shefu kufika udongo umekwisha kurudi. Alisema bila kumtazama shefu, lakini alisema mpaka mwisho.

Kama kartoni zingepotea pasipo jina, watu wangetazama funguo za ghala, na funguo zilikuwa mbili, ya Mbuyi na ya Amédée. Kwa hiyo jina lilihitajika. Amédée alifikiri juu ya jina, juu ya neno la siri, juu ya mlango na mlinzi. Saa hakuifikiri, kwa sababu nani anaifikiri saa yake mwenyewe?

Askari wakaenda nyumbani kwake. Kartoni zilikuwa nyuma, chini ya magunia ya makaa, si zote, lakini nyingi. Muuguzi akazichukua palepale kwa kinga, akizifunga kwa kamba kama mbuzi.

Walipomtia Amédée garini mahali pa Mbuyi, Noémie akamsogelea komanda.

"Komanda, na yeye, kule anakokwenda, wasome karatasi yake yote. Si mustari mumoja."

Komanda akamtazama. "Alitaka kumuua mutu wako."

"Njo maana nakuomba."

Komanda akakunja karatasi zote mbili, akazitia mfukoni mwa kifua, akafunga kifungo. Gari likaondoka.

Mbuyi alibaki amesimama uani, hajui aweke wapi mikono. Noémie akamfikia.

"Niliamini mustari," akamwambia. "Kuliko weye, niliamini mustari."

"Niliona, yaya."

"Njoo ukule."

Chloé alikuwa amekwisha kufika kwa Noémie, hakuna anayejua nani alimpasha habari. Alikuwa amesonga bukari, ugali wa kushiba watu sita. Mvua ikashuka kabla ya sahani kuinuliwa, mvua ile ya mchana ya Kamina inayofunga mji kama kifuniko. Walikula wote kutoka sahani moja, na Zébédée pamoja nao, koti lake linatoa mvuke.

"Na lile neno lako," Noémie akamwambia Mbuyi, "kesho unalibadilisha."

"Nitatia nini?"

"Usiniambie."

"Labda jina la Chloé."

"Kamina yote inajua jina la Chloé."

"La mbuzi wetu?"

"Mbuyi, funga mdomo," Chloé akasema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa kusikika kicheko chake. "Mbuzi wetu anaitwa na mtaa mzima, kwa matusi."

Mbuyi alicheka, na katikati ya kicheko usingizi ukamkamata, kipande cha bukari bado mkononi. Hakuwa amelala siku tatu. Chloé akamtoa kile kipande vidoleni, akakila yeye, akamlaza mkekani na mtoto kifuani pake. Kisha akajinyoosha kando yao kidogo tu, kungoja mvua, na hakuiona ikiisha. Zébédée aliegemea ukuta, kofia usoni, akaanza kukoroma.

Noémie alikusanya vyombo, akavipanga mlangoni kimoja nyuma ya kingine vioshwe na mvua. Alifikiri kwenda bombani kuchukua beseni lake, lakini alijua liko palepale, na hakuna atakayelisogeza. Akavua saa ya mkono, akaiweka juu ya meza. Akakaa kwenye kiti cha baba yake, akasikiliza mabati, akasikiliza pumzi zao, moja baada ya nyingine. Macho yake yakafumba, na hapo hapo naye akalala.